Mkuyu Kwenye Sahani ya Bati

Usiku wa kuamkia jana, Aikande aliota sahani ya bati inamlalamikia.

"Mimi nilizoea ugali," ilisema. "Sasa nimebebeshwa msitu."

Aikande aliiomba radhi. Ilikuwa sahani yake kweli. Alikuwa ameitoboa kwa msumari ili maji yasituame, akapanda humo mkuyu mchanga alioung'oa kwenye ufa wa ukuta wa choo. Vile vimiti vya bonsai vinavyouzwa, vinavyodumazwa kwa mkasi na waya, vilimshinda bei, akaamua kuanza na cha bure. Wazo lilikuwa la dada yake, Manka, aliyehamia kwake tangu msiba. "Tafuta kitu cha kutunza, mdogo wangu," alimwambia. "Mikono ikikaa bure hivi itakumaliza." Maana mtoto wa pekee wa Aikande, Ndeshi, alifariki kwa malaria wakati wa masika, hata darasa la kwanza hajamaliza.

"Tuanze," unasema mkuyu. "Somo la leo ni kupunguza."

Mkasi wa kushonea unashuka mezani wenyewe. Unapunguza paa, unapunguza kitanda, unapunguza barabara ya kwenda sokoni. Jirani anapita, kimo chake ni cha kijiko.

"Habari za asubuhi, Mama Ndeshi?"

"Nzuri," anajibu Aikande, akichuchumaa asije akaonekana ana majivuno. Kisha anaugeukia mkasi. "Umezidisha."

"Nafuata maelekezo. Ulisema kila kitu kibaki kidogo."

Anapoinuka, ua umekuwa darasa. Kwenye madawati imepangwa miti midogo iliyovaa sare, kila mmoja na sahani yake. Mwalimu ni kopo la kumwagilia. Linaita majina.

"Ndeshi!"

"Nipo, mwalimu."

Aikande anageuka haraka. Ndeshi yuko dawati la nyuma, kimo kilekile, pengo lilelile la meno ya mbele. Mikono yake imezungushiwa waya wa shaba, ikapindwa vizuri kama matawi.

"Nani kakufunga hivi, mwanangu?"

"Wewe, mama. Kila asubuhi ukiamka."

"Sikutaka uondoke."

"Najua. Ila waya umeanza kuzama."

Kweli, umezama kwenye ngozi. Aikande anaanza kuufungua kwa kuuzungusha. Mtoto anajikunyata kwa maumivu.

"Hauzungushwi, mama," linasema kopo kwa upole. "Utavunja tawi. Unakatwa, kipande kwa kipande."

"Nikiukata, atabaki?"

Kopo linaangalia dirishani. "Hilo halimo kwenye somo letu."

Anakata. Kila kipande kinachoanguka sakafuni, Ndeshi anakua. Anakuwa msichana mwenye chunusi. Anakuwa bibi harusi, anakuwa mama wa watu, anaota mvi. Maisha yake yote yanapita pale darasani, na Aikande hapati hata nafasi ya kumwandalia chai. Kipande cha mwisho kinapoanguka, mbele yake amesimama bibi kizee, mzee kumshinda yeye mwenyewe.

"Umekua," anasema Aikande.

"Pole, mwanangu," anasema Ndeshi kwa sauti ya uzee. "Usinisindikize."

Analia. Machozi yake ni meupe, mazito, yananata kama utomvu wa tawi lililokatwa. Aikande anayafuta kwa kiganja, shavu moja, kisha la pili. Halafu Ndeshi anainama sana, kwa sababu mkasi ulikuwa umepunguza na mlango pia, akatoka.

Aikande aliamka jua limeshapanda, analia kwa sauti. Kilikuwa kilio alichokibana tangu siku ya mazishi, na safari hii hakikukubali kurudishwa ndani. Manka alikuja mbio kutoka chumba cha pili, akakaa kitandani, akamshika mkono.

"Lia, mdogo wangu. Lia tu."

Walikaa hivyo mpaka kilio kikaisha chenyewe. Manka akataka kuinuka akabandike chai, lakini mkono haukutoka. Viganja vyao vilikuwa vimegandana. Alivivuta taratibu, na katikati yao ukatokea utomvu mweupe, mbichi kabisa.

"Ulikuwa umeshika nini?" aliuliza.

"Nilikuwa namfuta Ndeshi machozi," alisema Aikande.