Maua ya Omary

Fidele, fundi kompyuta wa hapa Kasulu, aliponiambia kompyuta yangu iko mbioni kufa, nilijua katumwa.

Ndiyo iliyoendesha mashine yangu ya kudarizi. Ndani yake mlikuwa na maua aliyochora marehemu mume wangu, Omary, na maharusi walinifuata kwa ajili ya maua hayo hata kutoka Kibondo. Yalifunguka kwa programu moja tu, ya zamani.

"Mama Firdausi, hii programu wenyewe walioitengeneza wameshaitelekeza," akasema. "Kompyuta mpya haziikubali. Niwekee maua kwenye flashi nikatafute namna ya kuyahamisha, kabla hii haijazima moja kwa moja."

Flashi! Maua ya Omary yatoke dukani mfukoni mwa mtu niliyemwona juzi akinywa soda barazani kwa Asnath, mdarizi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara? Nikamwambia asante baba, nenda salama. Alipoondoka nikabadilisha kufuli.

Tangu hapo sikumwamini mtu. Nguo za mfano zilizoning'inia dukani niliziuza zote, Asnath asipate pa kuchungulia. Mteja akiinua simu tu, namtoa nje.

Kisha ikaja mvua ya radi. Umeme ulikatika, ukarudi, kompyuta haikurudi. Ilibidi nimwite Fidele. Aliifungua, akahangaika nayo asubuhi nzima, nami nikimkodolea macho mikono.

"Pole, mama. Imekufa na vyote vilivyokuwamo," akasema. "Una hata nguo moja yenye maua yale? Tukiipiga picha, yanaweza kuchorwa upya."

Sikuwa nayo. Nililia mbele yake bila aibu. Omary hakuniachia kitu kingine alichokifanya kwa mkono wake.

Ndiyo maana leo Jumapili nilikuwa Heru Juu, nikimfuata mteja wangu Josepha nyuma nyuma akitoka kanisani. Gauni lake nililidarizi mwenyewe, na maua yote yako mgongoni. Nikainua simu, nikasogea karibu zaidi, naye akasikia hatua zangu, akageuka.

"Mama Firdausi! Unataka kunipiga picha kwa nyuma? Unampelekea nani?"

Kabla sijajibu alishajitanda kitenge, maua yote yakafichika. Ningekuwa mimi, ningefanya hivyohivyo.