Tanuri Lililopanda Mlima

Mwaka wa tisini na tano kuni ziliadimika kijijini kwetu Bukiriro. Wakimbizi walikuwa wengi na wote walipika. Mimi Genoveva, niliyefinyanga vyungu vya kata nzima tangu niolewe, nikabaki kuchomea nyasi na mavi ya ng'ombe. Vyungu vingi vilipasuka, wateja wakaanza kunikimbia.

Ndipo Mwalimu Frednand wa jiografia akatufungulia sisi wafinyanzi kitabu chake. Zamani za wafalme wa China, alisema, matanuri yalijengwa palipokutana udongo mzuri, miti na mto wa kusafirishia mizigo. Kaskazini walichomea makaa ya mawe. Kusini kwenye vilima walijenga tanuri refu linalopanda mteremko. Unawasha moto chini, joto linapanda lenyewe, na kuni chache zinatosha.

Mimi niliona picha tu. Iteka, mkimbizi kutoka Burundi, aliona tanuri. Siku ya nne nikamkuta anachimba kilimani juu ya kijito chetu, na mwalimu anamsaidia kubeba udongo! Mimi hajawahi kunibebea hata ndoo ya maji. Wivu ulinikaba, sifichi. Mgeni wa juzi, na tayari wanawake walikuwa wanamwita fundi.

Mwenyewe akanialika. "Shikamoo mama. Lete vyako tuchome pamoja."

"Marahaba," nikasema, nikawahi kupanga vyangu chini karibu na moto, mahali nilipopaona bora. Vyake akavipanga juu. Tulichoma kutwa nzima, jioni akaziba mdomo wa tanuri kwa udongo.

"Tusifungue mpaka keshokutwa, mama. Baridi ikiingia vitapasuka."

Kesho yake alikwenda kambini kuchukua mgao wa chakula. Nikapanda kilimani. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: kama vyake vimepasuka. Njiani nilimwomba Bikira Maria viwe vimepasuka. Nikabandua udongo wa mdomoni kiasi cha kiganja, nikachungulia. Upepo ukanipita ukaingia ndani. Pa! Pa! Pa! Nikaziba upesi, nikashuka mbio.

Siku ya kufungua watu walijaa. Vyangu vyote vilikuwa na nyufa. Vyake, kule juu, vilikuwa vizima, ukivigonga vinalia.

Iteka akapiga magoti mbele yangu huku analia. "Nisamehe mama. Sikuziba vizuri."

Watu wote walinitazama. Nikamwinua, nikamwambia nimemsamehe.