Saa ya Ulaya Getini Igogo

Taa ilikuwa nyekundu. Amondi akaondoa dole gumba kwenye kile kimashine cha getini, akalifuta kwenye kitenge, akabonyeza tena. Nyekundu.

Nilikuwa nyuma yake, Ooko mgongoni. Kila asubuhi Amondi, mke wa mwanangu, alimnyonyesha nje ya kiwanda cha samaki, akanifunga mtoto mgongoni, akaingia kukata minofu. Mwanangu Elias ziwa lilishamchukua. Nyumba yetu ilikula kwa kidole kile.

"Umechelewa, dada," alisema Chenge, mlinzi. "Na hii ni mara ya tatu. Mashine imeshakufuta kazi."

Zile mara mbili zilikuwa za homa ya mtoto. Hii ya tatu hatukujua imetoka wapi.

"Nimechelewa wapi? Jua lenyewe ndiyo kwanza linachomoza!" alisema Amondi.

Chenge akachungulia simu yake. Saa moja, saa ya kuingia kazini, ilikuwa bado. Akairudisha mfukoni. "Mimi nalinda geti, mama," aliniambia mimi, si Amondi. "Saa wanazilinda wenyewe huko ndani."

Tulikuja kuelewa baadaye. Wazungu wanaonunua samaki wetu husogeza saa zao mbele kila Machi, halafu huzirudisha, wanajua wenyewe kwa nini. Kompyuta ya kiwanda, kuukuu, ilitakiwa kuwekewa faili jipya la kuieleza nchi zipi zinasogeza saa, na lini. Kazi ya faili ni ndefu. Josephat, fundi wao, mtu mzima mwenye mvi, akaona njia ya mkato: Jumapili akaisogeza saa ya kompyuta yenyewe mbele, samaki wasije wakaachwa na ndege ya Ulaya, akaenda zake kanisani. Hakukumbuka kwamba geti nalo huiuliza saa kompyuta hiyo hiyo.

Basi Jumatatu ile mtaa wetu wa Igogo mzima uliamka umechelewa.

Wenzake Amondi nao waliwashiwa nyekundu, ila kwao ilikuwa mara ya kwanza, geti likawafungukia. Hellen, mmoja wao, alikuwa ameshaingia. Akageuka, akatoka.

"Kama Amondi kachelewa, sote tumechelewa. Turudi tukalale."

Wakacheka. Kisha wakaketi chini, mmoja mmoja, buti zao za mpira mapajani. Lori la samaki likaja kutoka mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, likasimama. Maji ya barafu yakaanza kudondoka chini yake. Ooko akasinzia.

Josephat akatoka mbio mbio, akanikuta wa kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mashine yako imemfuta kazi mama wa mtoto huyu."

Akamtazama mtoto. Akayatazama maji, yalivyokuwa yakitafuta njia kwenye vumbi. Akarudi ndani kuirudisha saa na kumfutia Amondi kosa.

Tukakaa. Kisha Chenge akamwita Amondi kwa mkono. Amondi akabonyeza. Kijani.

Faili liliwekwa juma lile lile, na saa ya kompyuta haikuguswa tena. Ooko siku hizi anakwenda shule kwa miguu yake. Ila kila Machi, Jumatatu ile saa za Ulaya zikishasogezwa, mimi humsindikiza mama yake hadi getini, na Josephat tunamkuta ameshatangulia, mikono mfukoni, kama anayengoja gari. Amondi hamsalimu. Anabonyeza. Taa ikishawaka kijani, Josephat anageuka, anarudi ndani.