Mwari wa Jukwaani

Kabla ya onyesho la chuo, Shadya alijifunga kiunoni kanga aliyopewa na bibi yake, akaliweka dumbaki, ngoma yake ndogo, pajani, akatabasamu. Waliomjua wangeogopa. Tangu Turkiya amwibie wimbo, mwaka jana, hakuna aliyeliona tabasamu hilo.

Wimbo wenyewe aliutunga kwa ajili ya marehemu mama yake, akamwimbia Turkiya chumbani kwao bwenini, kwa vile walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Wiki haikwisha, Turkiya akauimba redioni. Alipoulizwa ameutoa wapi, akasema umemjia usingizini. Usingizini! Tangu hapo akawa yeye ndiye mwimbaji wa kikundi cha taarabu cha chuo, anapambwa, anatunzwa, na Shadya kawekwa nyuma kwenye ngoma. Aliposema kaibiwa, wenzake wakamwambia ana kijicho.

Basi akanyamaza, akangoja. Turkiya alilelewa Maskati, amekuja mwaka juzi tu kwa wajomba zake hapa Tanga. Sauti anayo, lakini mambo ya pwani hii hayajui. Asubuhi moja Shadya aliingia bafuni akaanza kuimba wimbo wa kwao kijijini Mkwaja. Chini ya mlango akaona kivuli cha miguu kimesimama. Akaurudia polepole, neno kwa neno, ili simu ya Turkiya irekodi bila kukosa kitu.

Wimbo ule ni wa kumtolea mwari ndani. Huimbwa na wanawake waliochezwa unyago, milango imefungwa, na mwanamume hausikii hata kama nyumba ni yake. Mwenye ngoma hiyo pale Mkwaja ni Bibi Sabiha, bibi yake Shadya, naye alikwisha mwahidi mjukuu wake kwamba akichoka atamwachia yeye. Shadya alikuwa hajachezwa bado, lakini ubeti wa kwanza bibi alikwisha mfundisha, na mapigo yake. Beti zilizobaki zingekuja pamoja na ngoma. Hakuna kitu Shadya alichokitaka kuliko hicho, ila kimoja: kumwona Turkiya akiadhirika mbele za watu. Na tangu utoto alisikia kwamba mwanamke asiyechezwa akiuimba wimbo ule hadharani, wenyewe humfunika kanga wakamwondoa. Lo, jinsi alivyoingoja siku hiyo!

Siku ya onyesho, baada ya swala ya alasiri, ua wa chuo ulijaa. Mbele alikaa mkuu wa chuo, Mwalimu Zebedayo, mtu wa bara, pamoja na wazazi wanaume. Upande wa wanawake alikaa Bibi Sabiha na wenzake wa Mkwaja. Shadya ndiye aliyewaalika.

Turkiya akashika maikrofoni. "Huu ni wimbo mpya," alisema. "Nimeutunga mwenyewe."

Akaimba. Na haki ya Mungu, aliimba vizuri. Mazoezini Shadya alikuwa akiupigia mapigo ya kawaida ya taarabu, lakini leo raha ilimzidi. Macho yalikuwa kwa bibi yake, akimwona anavyokunja uso, anavyomshika mwenzake mkono, na viganja vya Shadya vikajiendea vyenyewe vikapiga vinavyojua, mapigo ya Mkwaja.

Bibi Sabiha akasimama. Wenzake wakasimama. Wakapanda jukwaani bila kumwomba mtu ruhusa, na kanga ya kwanza ikamwangukia Turkiya kichwani, ya pili, ya tatu, mpaka hakuonekana hata kidole. Maikrofoni ikaanguka ikapiga kelele. Wanafunzi wakacheka hadi wakashikana. Mwalimu Zebedayo, akidhani ni sehemu ya onyesho, akapiga makofi peke yake. Chini ya kanga Turkiya alikuwa analia, na Shadya alikisikiliza kilio hicho kwa utamu. Lia, alisema moyoni. Lia nami nilie kwa kucheka.

Kisha Bibi Sabiha akamgeukia mjukuu wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakumtazama usoni, alitazama mikono yake. "Wimbo mtu aweza kuuiba nyuma ya mlango. Mapigo hayo nimekufunza mimi. Nani kampa huyu wimbo wetu?"

Shadya angeweza kukana. Hasira ikamtangulia. "Aliniibia wimbo wa mama, bibi! Nilitaka naye aone!"

"Ule wa mamako ungekuja kunambia, ningempa maneno yake mimi hapahapa, asingethubutu tena. Huu si wako. Huu kachezewa mamako, na mimi, na mamangu. Nawe umewapa wanaume kwa ajili ya kijana mwenzio."

"Lakini aliyeimba ni yeye!"

"Kaimba, hajui aimbacho. Kwa hiyo leo hii atachezwa, atafunzwa wimbo wote, awe wetu. Ndivyo tunavyofanya kwa asiyejua. Wewe ulijua."

Habari ya kufunikwa Shadya aliisikia tangu mdogo, akaicheka. Ya baada ya kufunikwa hakuwahi kuiuliza.

Bibi akanyoosha mkono, akaifungua ile kanga kiunoni mwa mjukuu wake, akaitandika juu ya Turkiya, ikawa ya juu kabisa. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamwongoza mwari wao hadi chumba cha kubadilishia nguo nyuma ya jukwaa. Shadya akawafuata mbio. Mlango ulikwisha komewa.

Akatega sikio. Ndani walikuwa wanamfundisha, kwa sauti ya chini, na Turkiya akiitikia huku bado ana kwikwi. Ubeti wa kwanza ukaisha. Ukaanza wa pili, ambao Shadya hakuwahi kuusikia maishani mwake, mzuri kuliko wa kwanza, na mwizi wake alikuwa ameshaushika. Alilisogeza sikio hadi likagusa mbao.

Wimbo ukakatika.

"Nani huyo mlangoni?" aliuliza Bibi Sabiha kutoka ndani. "Miguu naiona. Aondoke."