Kifaa cha Hamsini

Ilibaki Kinasih auze kifaa kimoja tu cha kusomea vitabu vya kidijitali ili duka la vitabu alilolisimamia mjini Salatiga lisifungwe mwaka ule. Makao makuu ya kampuni, huko Jakarta, yalikuwa yameahidi kwa maandishi: tawi litakalouza vifaa hamsini litanusurika, na kila kitabu cha kidijitali atakachonunua mteja kwa kifaa hicho kitahesabiwa kuwa mauzo ya tawi.

Jumamosi asubuhi aliingia Pak Darsono, yaani Mzee Darsono, mwalimu mstaafu. Kama kawaida yake alichagua riwaya moja, akasimama mezani kungoja Kinasih aivike jalada la plastiki. Kazi hiyo ilifanywa bure, na wateja waliipenda kwa sababu iliwapa nafasi ya kupiga soga.

"Taratibu, Mbak, dada yangu! Unakaza utadhani unafungasha samaki."

"Ili kitabu kidumu, Pak. Cha wiki iliyopita umekimaliza?"

"Kurasa tatu tu. Herufi siku hizi zinanikimbia kama wanafunzi watoro."

Kinasih aliweka mkasi chini. Angeweza kunyamaza. Badala yake alichukua kifaa, akakuza herufi zikawa kama za ubaoni, akampa. Mzee alisoma ukurasa mzima bila kukunja uso. Akafungua wa pili.

"Na vitabu vyenyewe nitavipata wapi?"

"Humo humo, Pak. Hata ukiwa kitandani."

"Lo! Basi hapa hunioni tena, we mchawi!"

Alicheka sana. Kinasih naye alicheka, ila kwa kuchelewa. Kifaa cha hamsini kikaondoka bila jalada, na riwaya ikarudi rafuni.

Mwaka ule duka halikufungwa. Lakini walionunua vifaa walikuwa wasomaji wake bora, kwa maana hao ndio waliokuwa wepesi kushawishika. Jumamosi zikawa kimya. Kinasih alipanga rafu, kesho yake akazipanga tena.

Januari makao makuu yalimtuma Yulianto, kijana mwenye adabu. Alikaa siku nzima karibu na mlango. Waliingia watu tisa, wawili wao wakiulizia choo.

"Mbona watu hawaji, Mbak?"

"Wanasoma. Tazama mauzo ya vifaa vyetu. Mkoa wote wa Java ya Kati nani anatushinda?"

"Hakuna. Hongera, kweli." Yulianto aliinamisha macho. "Ila hao watanunua hata mlango huu ukifungwa. Sivyo?"

Kinasih alirudi kupanga rafu.

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Duka lifungwe, na manunuzi ya wasomaji hamsini yahamishiwe kwenye hesabu ya Jakarta. Kazi ya mwisho ya Kinasih ilikuwa kumtumia kila mmoja ujumbe wa kumwarifu.

Pak Darsono alijibu upesi: "Asante kwa taarifa. Vitabu vyangu havitapotea?"

Kinasih aliusoma mara mbili, kisha akaandika: "Havitapotea, Pak."