Mgongo Uliosema Jabutikaba

Jumapili alasiri, baada ya kuosha vyombo na kumwagilia maua ya barazani, Marilda Quintela alivaa blauzi pana, akafunga mlango na kupanda basi kwenda mtaa wa Bixiga kuchapwa. Alikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari, aliyeachana na mumewe kwa amani, mwenye binti aliyeolewa Curitiba. Alipenda kuchapwa tangu ujana, wala hakuwahi kutafuta sababu yake. Wapo wanaopenda kupanda milima.

Kwa miaka mingi aliyemchapa alikuwa Teodora, muuza miwani, mwanamke mpole ambaye kabla ya kuinua mkanda alimuuliza amekula nini na amelalaje. Baadaye Marilda alilia kidogo, akacheka sana, akanywa supu ya maharage jikoni pamoja na wenzake, akarudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Alama za Teodora zilikaa siku chache, kisha zikafifia. Halafu mama yake Teodora akaugua huko Recife, na Teodora akahamia kwake kumuuguza.

Ndipo Marilda akakubali kuchapwa na Bwana Otaviano, au Seu Otaviano kama walivyomwita, wakili mstaafu na mwanzilishi wa nyumba ile ya Bixiga walimokutana wapenda mkanda. Yeye ndiye aliyewafundisha wageni maana ya ridhaa, na ndiye aliyeandika ukutani kwa rangi nyekundu: Neno likisemwa, mkono unasimama. Kila mtu alichagua neno lake. La Marilda lilikuwa jabutikaba, lile tunda jeusi linaloota kwenye shina la mti, kwa kuwa mtu mwenye maumivu hawezi kulitaja kwa kuteleza ulimi.

Jumapili hiyo alilitaja. Mkanda ulikuwa umehamia mbavuni, mahali walipokubaliana usifike, na maumivu yakawa ya namna nyingine, ambayo yeye hakuyaomba.

"Jabutikaba," alisema.

Seu Otaviano akampiga. Marilda akalisema tena kwa nguvu zaidi, naye akampiga tena. Kisha akamfungua mikono, akamfunika shuka na kumletea maji.

"Ulikuwa bado unaweza," alimwambia. "Mimi nakujua kuliko unavyojijua."

Kesho yake, Marilda akiwa darasani anaeleza habari za chumvi, mgongo wake ulisema, "Jabutikaba." Ilikuwa sauti yake mwenyewe ya jana, iliyokatika pumzi. Ilitoka kwenye alama ya mkanda, nyuma ya mbavu. Msichana wa dawati la mbele alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo ni asidi au besi?"

"Hiyo haitakuja kwenye mtihani," Marilda alijibu, akaendelea na somo.

Kwenye chumba cha walimu, Jurema wa historia alimsogezea kikombe cha kahawa.

"Vaa sweta nzito, shoga. Dada yangu alikuwa na alama mkononi, ilikuwa inasema 'niache'. Alipovaa sweta sauti ilipungua."

"Na mumewe?"

"Yupo. Ndiye aliyemnunulia sweta."

Marilda hakuvaa sweta. Jumapili iliyofuata alirudi Bixiga na kuomba kikao. Walikutana jikoni: Dona Zuleide, mama aliyekuwa mwenyekiti wa nyumba, akikoroga supu; Celso, mwekahazina; na Seu Otaviano mwenyewe, amekaa amekunja nne. Marilda hakuwa na maelezo mengi. Aliwapa mgongo na kungoja.

"Jabutikaba," alama ilisema.

Katika chumba cha pili, ambako mkanda ulikuwa ukisikika, kukawa kimya. Kijana mmoja alichungulia mlangoni, mkanda ukining'inia mkononi, jasho likimtoka.

"Nani amesema? Mimi nimesimama."

"Si mwenzako, mwanangu," Dona Zuleide alimwambia. "Endelea tu."

Kijana akaondoka. Kabla ya kuendelea alisikika akimuuliza mwenzake kama ni kweli si yeye aliyesema.

"Ni sauti yake, sikatai," alisema Seu Otaviano. "Lakini sauti haina uzoefu."

Dona Zuleide alizima jiko.

"Marilda, tumesikia, wote tumesikia. Lakini hebu fikiria. Majirani wanangoja kisingizio tu. Magazeti yakilipata hili yataandika kwamba sisi sote ni wanyama. Celso atanyang'anywa watoto."

"Na Seu Otaviano?"

"Yeye ndiye aliyeijenga nyumba hii." Alimjazia bakuli. "Pumzika kwanza, usije kwa muda. Unaona mwenyewe, sauti hiyo inawasimamisha watu."

Marilda aliliacha bakuli mezani. Alikwenda kituo cha polisi, ambako ofisa alimsikiliza huku akila andazi la jibini.

"Ulipelekwa kwa nguvu?"

"Nilikwenda mwenyewe."

"Ulitaka kupigwa?"

"Nilitaka. Kisha nikataka aache."

"Jabutikaba," alisema mgongo.

"Naam, nimesikia," alisema ofisa. "Lakini dada, mtu kaomba kupigwa, kapigwa. Mimi niandike nini hapo?"

Hakuandika kitu.

Karibu na Krismasi Teodora alikuja kutembea. Alimkagua Marilda mgongo chini ya taa, akamuuliza amekula nini na amelalaje, akamsubiri amalize kulia. Kisha Marilda akamwomba amchape, maana mwili ulikuwa umemkumbuka. Mkanda wa kwanza ulitua vizuri, kutoka bega hadi bega, na Marilda akahisi ile raha yake ya zamani ikianza kuja.

"Jabutikaba," mgongo ukasema.

Teodora akashusha mkono.

"Si mimi," alisema Marilda. "Endelea, tafadhali."

"Najua si wewe." Walingoja, wakajaribu tena, na ikawa vilevile. Teodora aliukunja mkanda, akautia mkobani. "Nikishalisikia, mkono haunyanyuki. Nisamehe."

Wengine waliojaribu, watu waungwana, walishindwa hivyo hivyo. Marilda akaanza kukosa usingizi, akawa mkali kwa wanafunzi.

Shule zilipofunguliwa, Seu Otaviano alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya baba wa familia. Alisema madarasa yake ya ridhaa yamejaa mpaka wengine wanasimama, kwamba Dona Zuleide anamsalimu, na kwamba amesikia Marilda hapati tena mtu wa kumchapa.

"Njoo kwangu," alisema. "Mimi kelele hizo hazinisumbui."

Marilda aliitafuta Jumapili ijayo kwenye kalenda ya ukutani kabla ya kuikata simu.