Kwa Daktari

Kwetu, Kaunti ya Merriam, nyumba haichukui jina la anayekaa ndani yake. Inachukua jina la aliyeondoka. Mimi nimekaa kwa Lindqvist tangu nilipoolewa. Huyo Lindqvist alihamia California kabla sijazaliwa, lakini ukiuliza njia ya kwa Adela Kubat watu watakukodolea macho. Nikifa ndipo patakuwa kwangu. Ndivyo tulivyozoea, na hakuna aliyeona ajabu mpaka alipokuja daktari.

Tulikuwa tumekaa bila daktari muda mrefu mno. Zahanati ya Orsby ilikuwa na vitanda, mashine, na kufuli kubwa mlangoni. Mwenye uchungu wa kuzaa alikimbizwa mjini, mwendo wa saa mbili, na tunao vijana wa kutosha waliozaliwa pembeni ya barabara kuu. Kwa hiyo Marisol Dacanay alipokubali kuja, mwanamke wa Kifilipino mwenye umbo dogo na sauti ya kujaza uwanja, tulimpelekea kolache, maandazi yetu ya matunda, nyingi hata friji yake ikakataa kufungika. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja. Asipoendelea, zahanati inafungwa na haifunguliwi tena. Hilo tuliambiwa waziwazi.

Tulimpa nyumba ya kwa Zeleny, kaskazini mwa Orsby. Siku ya kumkabidhi funguo alisimama barazani, akautazama uwanda ulivyonyooka mpaka mwisho wa macho, akauliza, "Kwa hiyo sasa hapa ni kwangu?"

"Hapa ni kwa Zeleny," akajibu mdogo wangu Emil.

"Na huyo Zeleny yuko wapi?"

"Alishafariki, mzee wa watu. Mwaka ule wa mvua ya mawe."

"Basi patakuwa kwangu lini?"

"Siku ukiondoka, Daktari."

Tulicheka sote. Yeye alitabasamu kidogo tu, na mimi nikaliona hilo.

Mwezi Oktoba trekta ilimpindukia Emil mtaroni na kumbana mguu. Simu ilikuwa mfukoni, akampigia daktari mwenyewe, kwa kuwa gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mtu mjini. Na kwa akili zake zote, akiwa amelala chali damu inamtoka, mdogo wangu alimwelekeza hivi: njoo mashariki mpaka kwa Hruska, kata kaskazini, ukipita shule pinda kwa Novotny, utaniona.

Nyumba ya Hruska iliungua nikiwa msichana. Shule ilikokotwa ikauzwa kuwa ghala. Kwa Novotny kumebaki kisima na miti miwili. Vibao vya namba vipo barabarani, ndiyo, lakini vijana wamevitoboa kwa risasi na sisi wengine hatujawahi kuvisoma. Daktari alizunguka kwenye vumbi huku maisha ya mtu yakimponyoka, mpaka akatokea uani kwangu akipiga honi kama kichaa.

"Hruska! Hruska ni nani? Yuko wapi?"

Niliruka ndani ya gari lake. Niliendesha greda ya kaunti maisha yangu yote mpaka kustaafu, barabara hizi nazijua kuliko ninavyojua mikono yangu. Tulimkuta Emil midomo imegeuka rangi. Daktari alimfunga mguu kwa mkanda wake mwenyewe na kumsemesha bila kunyamaza mpaka msaada ulipofika. Alimwokoa. Mguu pia aliuokoa, ingawa Emil sasa anatembea na fimbo.

Baadaye, zahanati ikiwa imetulia, daktari alinigeukia. "Mama Adela, nyinyi mnaishi na wafu. Walio hai mmewaweka wapi? Angekufa leo. Angekufa kwa sababu ya nyumba ambayo haipo!" Halafu akalia kwa hasira. Niliogopa. Nilijua mtu akifika hapo anaanza kuhesabu miezi iliyobaki.

Jumapili iliyofuata nilimfuata na pikapu yangu. "Panda," nikamwambia. "Maana hatutabadilika leo wala kesho. Bora uwajue hao wafu."

Tulizunguka siku nzima. Nilimwonyesha pale barabara zote za kaskazini zinapovunjika kama kiwiko: wapima ardhi wa zamani walichora mistari iliyonyooka, wakafika huko juu wakakumbuka kwamba dunia ni duara, ikabidi wasogee pembeni na kuanza upya. Mgeni asiyejua huingia moja kwa moja kwenye mahindi. Nilimwonyesha Bristow, uliokuwa mji mkuu wa kaunti, ambao sasa ni shamba la soya. Reli ilipopita Orsby, watu wa Orsby walikwenda Bristow na farasi, wakaipandisha mahakama juu ya magogo na kuiburuta kwenye theluji mpaka kwao. Babu yangu alikuwa mmoja wa waburutaji. Bibi yangu alikuwa wa Bristow, na mpaka anazikwa hakuwahi kumsamehe.

"Lakini walioana kweli?" daktari akauliza, akicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Walizaa watoto saba."

Mwisho nilimpeleka mtoni, kwenye Kivuko cha Wapawnee, wenyeji wa kwanza wa nchi hii. Alitazama maji, akasema polepole, "Na hawa nao panaitwa kwao kwa kuwa mliwaondoa."

"Ndiyo," nikasema. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikipita pale na greda.

Majira ya baridi yalipita. Alizalisha watoto, alishona vidole, alimgombeza padri kuhusu sukari yake. Kuhusu mkataba hakusema neno, na sisi kwa woga hatukuuliza. Wiki ya mwisho ya mwaka wake nilipita barabarani nikaona maboksi yamepangwa barazani kwake. Nikaendelea kuendesha.

Asubuhi moja nikinywa kahawa, redio ya kaunti, ile ya upepo ambayo kila mtu huitana nayo barabarani na ambayo sijawahi kuizima tangu nistaafu, ikakohoa. Sauti ya Emil: "Jamani, kuna ng'ombe barabarani. Wamekaribia kwa Daktari."

Kikombe kiliniponyoka. Kwa Daktari. Hakusema kwa Zeleny. Mtu wa kaunti hii hawezi kutamka vile mpaka nyumba iwe tupu. Ameondoka, nikajisemea, ameondoka bila hata kuaga, na nani wa kumlaumu? Niliwaza juu ya mjukuu wa Novotny, mimba yake ya miezi minane, na barabara ile ndefu ya mjini. Nilitoka na kandambili.

Nilipofika, ng'ombe walikuwa wamesimama bustanini, na katikati yao daktari akiwafukuza kwa ufagio. Maboksi bado yalikuwa barazani.

"Hujaondoka!" nikapiga kelele.

"Niende wapi asubuhi hii? Nisaidie hawa mashetani!"

"Na maboksi?"

"Ni makopo ya achari ya Zeleny, Mama Adela! Yamejaa chini ya nyumba. Nimechoka kulala juu ya matango ya marehemu." Kisha akaniangalia vizuri, machozi yangu, kandambili zangu. "Nilisaini wiki iliyopita. Miaka mitano. Kamati ya zahanati haikukwambia?"

Kamati! Ile ambayo haiwezi kununua taa ya choo bila kuitangaza kanisani, safari hii ilikuwa imejifunza kunyamaza. Emil naye akafika, akishuka garini kwa fimbo, nami nikamvaa mzimamzima.

"Mjinga wewe! Unajua ulichosema redioni? Umetaka kuniua?"

"Nilisema kwa Daktari."

"Yupo! Si unamwona yupo?"

"Ndiyo maana nikasema, dada." Hakuwa anatania, na Emil hutania hata msibani. "Nililala chini ya trekta nikimwita mtu aliye hai kwa majina ya wafu. Wala hawakuja hata mmoja. Aliyekuja ni huyu. Sasa asubiri afe ndipo nimpe jina? Mimi nimekoma."

Daktari alisimama na ufagio wake. "Sema tena," akamwambia. "Hapa ni wapi?"

"Kwa Daktari."

Alikaa kwenye ngazi akafunika uso, na ng'ombe mmoja akaanza kula waridi zake bila kusumbuliwa na mtu.

Tuliwaswaga wale ng'ombe, nikarudi nyumbani kuokota vipande vya kikombe. Nilikuwa bado nimeinama redio ilipokohoa tena.

"Wametoroka tena, jamani," ikasema sauti ya Emil. "Wanaelekea kwa Adela."

Nilijishika shingoni kwanza, nikasikiliza mapigo. Yalikuwepo. Basi nikatoka nje kuwangojea ng'ombe, nimesimama mbele ya nyumba yangu.